Presha ya Mama, Kwako na Kwangu

Tarehe 3 Februari

Wifi yangu,

Nakusalimu, na natumaini ulifika salama na zamu za kiwandani hazijakubana kabla hata hujafungua mabegi. Sisi huku wazima. Watoto wanauliza shangazi anarudi lini. Kaka yako yuko kambini kwenye ujenzi wa barabara, atarudi mwisho wa mwezi. Mama hajambo, na habari ya mama ndiyo iliyonikalisha chini niandike, maana kwenye simu mimi na wewe hatumalizi sentensi mbili kabla mmoja wetu hajanuna.

Likizo nzima uliyokuwa hapa ulimpima mama presha wewe, kila asubuhi, chumbani kwake. Mimi nikabaki sebuleni kwenye cherehani yangu nasikia tu: 128 kwa 74. Kesho yake 126. Mama anacheka, anasema, "Mwanangu ana mkono mwepesi." Umeondoka Jumapili. Jumatatu nikampima mimi, mashine ile ile, kabla ya chai: 166 kwa 72. Jumanne vile vile. Nikasema labda betri, nikanunua mpya. Vile vile.

Sasa niambie, mwenzangu, unamfanya nini? Tangu baba alipofariki mama anaishi na mimi. Namwogesha akiumwa, namkata kucha, najua anapenda chai ipoe kiasi gani. Halafu anakuja mtu wa kushinda wiki mbili, na damu ya mama inamtii. Jana ameniangalia nikifungua mkanda akasema kwa upole, "Usijali mkwe wangu, labda ni mimi tu." Upole wake ndio ulionichoma. Nilirudi kwenye cherehani nikashona zipu upande usio wake.

Sifichi, nina wivu. Kama kuna siri nipe, nami nimfanyie.

Wifi yako,
mke wa kaka yako


Tarehe 16 Februari

Wifi,

Barua imenikuta ndiyo kwanza natoka zamu, unga mpaka kwenye nyusi. Mimi mzima, kiuno tu ndicho kinanisumbua, siku hizi natembea nimeshika meza kama bibi. Wasalimu wanangu hao wadogo, wabusu kwa niaba yangu.

Siri hakuna. Ninapanda kitandani kwa mama, upande wa ukutani, pale pale nilipolala utotoni wakati kaka amejitwalia upande wa mlango. Tunapiga soga. Namfunga mkanda, tunanyamaza, tunasubiri. Labda hicho ndicho ulichokosa wewe, mtu wa kukaa naye.

Usikasirike, maana umeuliza mwenyewe. Nyumba yako ni duka. Cherehani inaunguruma tangu asubuhi, huyu kaptula ya shule inambana, yule anataka gauni leo leo, na mama amekaa katikati ya makelele hayo. Nimekuona ukimpima mara moja, umesimama, pini ziko mdomoni, unamnyoosha mkono kama mteja. Hata mimi presha ingepanda. Daktari wenu anampa vidonge, lakini hajakuja kuona anaishi wapi.

Na kwa kuwa umesema lako, na mimi nitasema langu. Wewe unanionea wivu kwa namba za mashine. Mimi kila nikimpigia mama simu ni mkwe wangu kanishonea kanzu ya kulalia, mkwe wangu kanikanda miguu, mkwe wangu haniachi niiname. Siku moja nilimwambia, mama, mimi pia nipo. Akajibu, "Najua upo, mwanangu, kwani umepotea?" Akarudi kwa mkwe wake. Huyo ni mama yangu, wifi. Nilimpata kabla yako.

Kwa hiyo nakuja kumchukua. Nimeshaongea na kaka, amekubali. Nina chumba, kina dirisha, na mtaa wangu mchana umetulia. Nakuja katikati ya Machi. Mwandalie nguo zake.

Wifi yako,
mtoto wa mama


Tarehe 1 Machi

Wifi yangu,

Hujambo? Pole na kiuno, jikande kwa maji ya moto, na uache kubeba magunia ambayo vijana wa hapo kazini wapo wanayatazama.

Nimesoma yote. Pini mdomoni ni kweli. Mengine nimeyameza, yamepita kwa shida. Kaka yako naye nimemuuliza alikubali lini kumtoa mama humu ndani, akasema, "Kwani si mama yake pia?" Basi nimemkunjia nguo zake, na kila niliyoikunja nilikuwa nakukasirikia.

Ila naomba jambo moja uniwekee maanani, hata kama mimi mwenyewe hunitaki. Daktari wa hapa alinieleza presha ya mama nikaelewa, kwa sababu ya kazi yangu. Mishipa ya kijana ni kama lastiki mpya kiunoni mwa sketi. Moyo ukisukuma damu, mshipa unapanuka kuipokea, halafu unarudi taratibu. Umri ukienda, na presha ikikaa juu miaka, lastiki inakakamaa. Damu inakuja kwa nguvu na mshipa haupanuki, kwa hiyo namba ya juu inapaa. Moyo ukipumzika, hakuna kilichovutika cha kurudi na kuishikilia damu, kwa hiyo namba ya chini inabaki ndogo. Ndiyo maana ya mama zimeachana sana. Na ubaya wake ni kwamba presha inakakamaza mishipa, na mishipa ikikakamaa inapandisha presha, moja inaichokoza nyingine.

Kwa hiyo dawa si ya siku mbaya tu. Alisema hata namba zikiwa nzuri kiasi gani, mama asiache kidonge. Ukifika kwako ukaona 120 usifurahi ukamwachisha. Nakuomba kama mtu aliyekupikia uji siku ulipojifungua.

Wifi yako,
mke wa kaka yako


Tarehe 12 Aprili

Wifi,

Habari za siku? Sisi hatujambo kabisa, na mama ndiye hajambo kuliko wote. Ameota jua barazani mpaka mashavu yamerudi. Nakutumia picha umwone. Jirani yangu ndiye aliyetupiga asubuhi nikimpima, ndiyo maana nimefunga kitambaa kichwani, usinicheke.

Siku hiyo ilikuwa 124 kwa 73. Mwezi mzima huu haijavuka 130, wifi. Nilijua. Tulikwenda kwa daktari wa huku, muuguzi naye akampima, maana mama siku hizi ukimgusa tu anakunyooshea mkono ule ule kabla hujauliza, akapata 126. Daktari akasema dawa ilikuwa nyingi mno kwa presha kama hii, mzee anaweza kuanguka kwa kizunguzungu. Amepunguza nusu. Mwezi wa sita tukirudi, kama ni hivi hivi, ataiondoa kabisa. Kwa hiyo lile somo lako la lastiki lilikuwa zuri, ila halikumhusu mama. Ilikuwa nyumba.

Analalamika kichwa kidogo asubuhi, lakini nadhani ni mto, nimemnunulia mwingine.

Kuna jambo lingine, na nisingependa ulichukulie vibaya, ila najua utalichukulia vibaya. Ukimpigia simu, siku nzima anakosa raha. Anauliza tu, watoto wamekula, sijui nani kamfungia mkwe wangu mlango wa duka, sijui mguu wa yule mdogo umepona. Nimezuia namba yako kwenye simu yake, na kwenye yangu pia. Ukiwa na neno, andika. Mama anatakiwa kupumzika.

Usione najidai. Au ona hivyo. Miaka yote nimesikia sifa zako, niache na mimi nisifiwe mwezi mmoja.

Wifi yako,
mtoto wa mama


Tarehe 20 Mei

Wifi,

Salamu, na afya ya mama kwanza. Nasema afya ya mama kwanza kwa sababu nataka uisome hii barua mpaka mwisho, usiiache njiani.

Nilikaa kimya kwa hasira. Nilisema sitakuandikia tena mpaka uniombe. Lakini ile picha niliiweka kwenye droo ya cherehani, na kila nikivuta droo kutafuta kitu naitazama. Naitazama kwa kijicho, sikufichi. Natazama ulivyomwegemea, natazama mama anavyocheka, natazama kanzu niliyomshonea mimi, imekaa vizuri mabegani, na wewe ndiye umeshikilia mkono. Mtu asiye na wivu angeitazama mara moja akaiweka ukutani.

Leo nilikuwa nampima mteja mikono ya koti. Sisi mafundi tunaanza na mkono wa kulia siku zote, ndivyo nilivyofundishwa, hata sifikirii. Nikamaliza, nikavuta droo kutafuta chaki, nikaiona picha. Mkanda uko mkono wa kushoto.

Nikakaa. Nikakumbuka ulichoandika, upande wa ukutani. Kitanda cha mama ukutani ni kushoto. Wewe maisha yako yote uko kushoto kwa mama, wifi, na mimi maisha yangu yote napima kulia. Hatujawahi kupima mkono mmoja.

Nilifunga duka nikaenda kliniki kwa yule muuguzi anayemjua mama. Nikamuuliza, je, mikono inaweza kutofautiana? Akasema kutofautiana kidogo ni kawaida, tena mtu akipimwa kwa mara ya kwanza inatakiwa apimwe yote miwili, ila foleni ikiwa ndefu watu wanasahau. Ikitofautiana sana ndiyo hatari. Maana yake mshipa unaopeleka damu kwenye mkono wenye namba ndogo umekakamaa na kuziba kiasi, damu inafika huko kwa shida, na mashine inasoma hicho kidogo kilichofika. Presha ya kweli, inayopiga kichwani na kwenye moyo, ni ile ya mkono wenye namba kubwa. Nikamwambia nusu ya dawa imeondolewa. Akaacha alichokuwa akifanya akaniangalia.

Nimekupigia, umenizuia. Nimempigia kaka yako kambini, amecheka, "Wivu wenu umeanza tena, nyinyi." Daktari wako akinisikia atasema mkwe anataka mama arudi. Na ni kweli nataka arudi. Naona ndiyo maana hakuna atakayenisikia.

Basi nakupa hivi. Mpime mkono wa kulia. Mara moja tu, akiwa ametulia, halafu wa kushoto. Zikilingana, mama abaki kwako, sitamdai tena, wala sitasema nilimkosa. Nitukane upendavyo. Lakini mpime kwanza.

Barua hii nimempa dereva wa basi la vifurushi mkononi. Nimemwambia ni ya mgonjwa.

Wifi yako


Tarehe 4 Juni

Wifi yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Mama yuko hai, anakula, anaongea. Naanza na hilo usije ukaanguka ukisoma.

Barua yako niliipata siku hiyo hiyo dereva alipofika. Niliisoma nimesimama, nikacheka kwa hasira, nikaiweka juu ya friji. Nilisema, huyu ameshindwa kila njia, sasa amekuja na mikono. Ikakaa pale juu siku kadhaa. Nilikuwa nikichukua maziwa naiona, nafunga friji.

Ijumaa asubuhi mama alikuwa ananiomba kijiko. Nikaona anakitazama lakini hakitaji. Akasema neno ambalo si neno. Akarudia. Mdomo ukalegea upande mmoja kidogo, na mkono wake wa kulia ukawa juu ya meza kama wa mtu mwingine. Muda mfupi tu, chai yangu ilikuwa bado ina moshi aliporudi sawa na kuniuliza kwa nini namkodolea macho. Lakini mimi nilikuwa nimeona. Mkanda nilioushika nikaufunga kulia. 188 kwa 78. Nikaufunga kushoto. 130 kwa 74. Nikarudia kulia, nikaomba iwe nimekosea. 186.

Hospitali wamempima kwa kile chombo cha kusikiliza damu ikipita. Ni kama alivyosema muuguzi wako. Mshipa wa mkono wa kushoto umebana, na mishipa mikubwa yote imekakamaa. Lile la kijiko lilikuwa kiharusi kilichopiga hodi kikaondoka, wamesema. Safari nyingine hakitaondoka. Dawa imerudishwa yote na nyingine imeongezwa. Yaani nilikuwa napima mkono wenye shida na kujisifu kwamba nimemponya.

Sasa nisikilize hili la mwisho, na ulisome ukiwa umekaa. Daktari aliuliza, "Nani aligundua mikono haifanani?" Mama alikuwa pale kitandani, macho yote kwangu. Nikasema, "Mimi." Sijui lilitokaje. Mama akamwambia muuguzi, "Mwanangu huyu ana macho." Akanishika mkono. Wifi, hata pale, mama yangu ametoka kukosa jina la kijiko, mimi nilikuwa na wivu na wewe. Nilitaka hilo moja liwe langu. Hata sasa anawaambia wagonjwa wenzake, na mimi nanyamaza.

Nimefungua namba yako. Usipige kwanza, nina aibu.

Wifi yako


Tarehe 13 Juni

Wifi yangu,

Ahsante kwa kuanza na kwamba yuko hai. Nilipofika kwenye kijiko nililia mpaka mteja akanitolea leso yake mwenyewe. Mpe mama pole yangu, mpake mafuta miguuni, usimlaze chali muda mrefu. Watoto wamemchorea picha, nimeiweka humu. Yule wa rangi ya kijani ni wewe.

Kuhusu dawa na hospitali sina la kukulaumu, daktari mwenyewe hakujua. Kuhusu siku zile za juu ya friji ninalo, ila nimeamua kuliacha, kwa sababu na mimi ningeandikiwa na wewe ningeiweka juu ya kabati.

Lakini hilo la "mimi", nimejaribu. Nimejiambia niwe mkubwa, mama amepona, nani aliona si kitu. Nimejiambia nikishona, nikipika, nikimsimulia kaka yako, ambaye sasa hacheki. Haikubali. Ni kitu, wifi. Mama amepanda basi kwenda kwako akiamini nyumba yangu ndiyo iliyomuumiza, na mimi ndiye mwenye mkono mzito. Kila alichonipa cha kujisifia kimeishia hapo. Sitaki unisifu wewe wala daktari. Nataka yeye ajue.

Sitampigia nimwambie mimi. Nikimwambia mimi itakuwa ni wivu. Mwambie wewe.

Halafu abaki kwako au arudi, aseme mwenyewe. Sitabishana.

Wifi yako,
mke wa kaka yako


Tarehe 25 Juni

Wifi yangu,

Shikamoo ya watoto wako imefika, na picha iko ukutani. Mama nimesharudi naye nyumbani kutoka hospitali. Asubuhi hii, kulia 142 kwa 72. Kushoto sipimi tena.

Nimemwambia. Jana mchana, baada ya chakula, nikasema yote, friji pia. Kisha akasema nilete karatasi, nikae, yeye atasema na mimi niandike hivyo hivyo, nisipunguze. Anayesema kuanzia hapa ni mama.

"Mkwe wangu, hujambo? Mimi sijambo, ila chakula cha hapa hakina chumvi, wanasema ni amri ya daktari. Nimesikia ulichofanya. Nilikuwa nakwambia labda ni mimi tu, na kumbe kweli ilikuwa mimi, mkono wangu. Nilijua unaumia ukinipima. Nilikuwa nakuona unavyoikunja ile mashine. Ningekwambia kitu, lakini niliogopa presha itazidi kupanda na wewe utazidi kusikitika. Nisamehe.

"Mwezi huu ukiisha mwambie mumeo aje anichukue. Presha yangu kwako inapanda na kwa huyu pia inapanda, basi bora ipande nikiwa naisikia cherehani. Huku kimya kimezidi, mtu anajisikia kama ameshazikwa."

Nikaacha kalamu hapo, wifi. Nikamwambia, mama, mimi nimeacha zamu za usiku kwa ajili yako, nimekununulia mto, nimekuotesha jua, na unataka kurudi kwa mkwe. Na mimi je?

Akasema, "Wewe ni mwanangu. Hata tukikosana huna pa kwenda, utarudi kwangu. Mkwe wangu alikuwa na pa kwenda siku zote, na hakwenda. Hilo nalo liandike."

Nimeliandika.

Wifi yako,
mtoto wa mama